Pochi Iliyoujua Mwendo wa Semboja

Siku Mzee Semboja alipokwenda kuchagua pochi, aliingia kibandani na matusi mdomoni, kama kawaida yake.

"Hodi kwa wabeba mizigo! Yupo mtumwa wangu, au leo kapelekwa pwani na meno ya tembo?"

"Karibu, Mzigua," alijibu Kapaya bila kuinua kichwa, maana alikuwa anachomelea waya wa simu ya mteja. "Ila mikono iache mfukoni. Humu mna vitu vya watu."

Wateja waliokaa benchini walicheka. Manundu yote, pale Korogwe, ilijua utani wa hawa wawili. Babu zake Kapaya Mihambo walitoka Unyamwezi kuja kukata mkonge, wakakuta Wazigua na utani wa tangu enzi za misafara, nao wakaupokea pamoja na mapanga ya kazi. Kapaya aliurithi akaupamba. Alikuwa fundi simu na wakala wa pochi za sarafu za mtandaoni, lakini sifa yake mtaani ilikuwa kuiga watu. Alimwiga diwani, alimwiga hata mchungaji wake wa Kimoravian, na kuliko wote alimwiga Semboja: kikohozi chake cha mara mbili kabla ya kusema neno, na ule mguu wa kushoto uliovunjwa na korona, mashine ya kuchakata mkonge, aliouburuta kidogo, akaupumzisha, ndipo akautupa mbele.

"Nataka pochi," alisema Semboja akijikunja kukaa. "Pochi ya maana. Nimechoka kuibiwa, na nimechoka kujiibia mwenyewe."

Hakuwa anatania. Miaka hiyo benki zilikuwa zimeshafunga madirisha yao yote mjini, na noti zimebaki za kufungia karanga. Asiye na pochi simuni hakuwa na pa kuweka hata nauli. Pochi yake ya kwanza ilikuwa ya maneno: maneno ishirini na manne ya siri, ndiyo ufunguo wenyewe, ukiyajua unafungua, ukiyasahau basi. Semboja hakuiamini karatasi, akayaweka kichwani. Malaria ikampanda, akaamka amesahau mawili. Sarafu zile aliendelea kuziona kwenye kioo kila siku, na hakuna mtu duniani aliyeweza kuzigusa. Ya pili akaichagua ya kampuni, wale wanaokaa na funguo kwa niaba yako. Asubuhi moja kampuni haikuwepo tena, wala namba yao ya simu.

"Imebaki hii," alisema Kapaya, akaweka simu mezani. "Inaitwa Pumzi. Haina neno la siri, haina mlinzi. Inakujua wewe. Unavyotembea, unavyosema, unavyopumua. Ibebe mfukoni, baada ya wiki itakujua kuliko mkeo. Jambazi akikunyang'anya hapati kitu, maana hatembei kama wewe."

"Na malipo?"

"Madogo ya kila wiki yanapita ilimradi uko hai na unaishi kama kawaida yako. Ukitaka kuhamisha fungu kubwa, inataka jicho. Unaiangalia, inakuangalia."

Semboja alikohoa mara mbili. "Na nikifa?"

Hapo Kapaya akaacha waya. Alijua swali lenyewe si la kifo. Binti wa mzee huyu, Mwanahawa, msichana aliyekuwa amemaliza chuo cha ualimu, alikuwa na figo zilizochoka kabisa. Alivaa kiunoni mkanda unaosafisha damu, mkanda wa kukodi kutoka zahanati, unaolipiwa kila Ijumaa. Ijumaa ikipita bila malipo, mkanda hujizima wenyewe. Haukuwa na huruma, wala haukutengenezewa huruma.

"Ukikosa kuamka na kutembea, pochi inamuuliza shahidi wako siku hiyohiyo. Ikiona mwendo usio wako, inangoja siku tatu kwanza," alisema. "Shahidi akisema kweli amefariki, inaingia eda. Ndivyo walivyoiita, na urefu unapanga mwenyewe. Huku wengi wanaweka sawa na eda ya mke. Ikiisha, mali inakwenda kwa Bi Mwantumu na Mwanahawa."

"Na katikati? Miezi yote hiyo mkanda utakula nini?"

"Kuna kitu hapa kinaitwa posho ya wafiwa. Tukikiwasha, mkanda unalipwa mpaka eda iishe. Haukosi hata Ijumaa moja."

"Kiwashe. Kiwashe nikiona."

Kapaya akakiwasha mbele yake. Pochi ikauliza jina la shahidi, na Semboja akasema hana haja ya kufikiri. "Niwekee Mnyamwezi. Atafurahi kunitangaza."

"Na wewe nimekuweka kwangu tangu mwaka juzi. Tuone nani atamwahi mwenzake."

"Sikia lakini," Semboja alisema akiinuka, "nikifa usinivalie koti langu. Miguu yako mifupi, utaniaibisha."

"Nitalivaa. Na nitamwagiza mkeo chai."

*

Semboja alikufa Jumanne, kifo cha joto, kama walivyokufa wengi mwaka ule. King'ora cha joto kililia asubuhi, watu wakajifungia ndani, naye akatoka kidogo tu kwenda kufunga mbuzi kivulini. Walimkuta ameegemea ukuta wa banda.

Pochi ilifanya kazi yake vizuri, hilo lazima lisemwe. Kabla ya adhuhuri ilimpigia Kapaya na kumuuliza kwa sauti laini ya kike, Kiswahili safi cha redioni, kama ni kweli Mzee Semboja amefariki. Kapaya alisema ndiyo. Pochi ikatoa pole. Ikasema imeingia eda, na kwamba mkanda wa binti utalipwa. Kapaya alikwenda kumwambia Bi Mwantumu hayo kupitia dirishani, na mjane yule, macho yamevimba, akasema alhamdulilahi, hilo moja angalau limenyooka.

Wakazika alasiri. Waliporudi makaburini watu walikaa uani chini ya turubai, kimya kizito, na kimya cha namna hiyo ni kazi ya watani kukivunja. Ndivyo ilivyo. Mtani asiyetania msibani anahesabika amemtupa mwenzake. Kapaya aliingia sebuleni, akaliona lile koti la kahawia limening'inia msumarini, na kofia, na fimbo. Akavaa vyote.

Alitoka uani akiburuta mguu wa kushoto. Akaupumzisha. Akautupa mbele. Akakohoa mara mbili.

"Nyie!" alisema, na ilikuwa sauti ya Semboja mtupu. "Nani kawaalika? Mnakunywa maji yangu, mnakalia mikeka yangu, hata rambirambi mmeleta mkopo! Mama Mwana! Chai yangu iko wapi? Na sukari usiibanie, nimetoka safari ya mbali!"

Watu walivunjika mbavu. Wazee waliangua kicheko wakifuta machozi. Nyuma ya dirisha Bi Mwantumu alicheka na kulia kwa pamoja, na Mwanahawa alijishika mkanda kiunoni kwa kucheka. Kapaya akanogewa. Alizunguka ua mzima, akagombana na jogoo, akamkemea imamu kwa dua ndefu, akaomba chai tena na tena.

Ndipo koti likasema.

"Karibu tena, Mzee Semboja," ilisema ile sauti laini, toka mfuko wa ndani, mahali ambapo hakuna aliyekumbuka kupekua. "Tumefurahi kukusikia. Taarifa ya kifo chako imefutwa. Posho ya wafiwa imesitishwa."

Waombolezaji walisikia maneno tu. Kapaya peke yake, pale uani, ndiye aliyejua maana yake. Alisimama na fimbo ya marehemu mkononi huku watu wakimsubiri aendelee kuchekesha.

*

Aliwapigia wenye pochi siku ile ile, kwa simu yake mwenyewe, akiwa mbali na koti. Hapakuwa na mtu upande wa pili. Palikuwa na sauti laini ile ile, yenye majibu tayari. Ilimweleza kwamba kifo kinachotangazwa kisha mwenyewe akaonekana hai ni dalili ya mtu aliyetekwa, na pochi imetengenezwa kumlinda mtu wa namna hiyo. Shahidi wake ameshaondolewa. Kikitokea kifo kingine kabla ya mwaka kupita, kitahesabiwa wizi, na pochi itafungwa miaka saba. Kapaya aliuliza vipi kama mtu huyo kweli amekufa, na kaburi lipo. Sauti ikasema kaburi halina mwendo wala sauti, pochi haiwezi kulithibitisha. Jicho lingeweza. Jicho lilikuwa chini ya udongo.

"Kwa hiyo?" aliuliza Bi Mwantumu. Alikuwa ndani, nyuma ya pazia, kanga nyeupe kichwani. Koti waliliacha kwa jirani.

"Kwa hiyo Semboja akionekana kalala kesho, pochi inafungwa. Mkanda haulipwi Ijumaa."

"Na michango?"

Michango ilikuwa imeshapigwa, ikaishia kwenye sanda na mchele. Kapaya mwenyewe alikuwa na vijisarafu vya wiki mbili tatu za mkanda, si zaidi. Wote walikuwa wanalijua hilo.

"Shemeji," ilisema sauti ya mjane, taratibu, "ule mguu unaweza kuuburuta kwa muda gani?"

Hivyo ndivyo Kapaya alivyohamia ndani ya koti la Semboja. Asubuhi alivaa, akakohoa, akaenda kuwafungulia mbuzi. Pochi ilikuwa inasikiliza maneno pamoja na sauti, kwa hiyo majirani walionywa wasitaje neno marehemu karibu na lile koti. Wengine waliona ni rahisi zaidi kutokukaribia kabisa. Watoto waliokuwa wakimkimbilia fundi Kapaya awaigie diwani sasa walikimbia njia nyingine walipomwona.

Semboja alikuwa mtu wa swala tano, na pochi iliijua kila rukuu na kila sijida. Siku ya kwanza Kapaya alisimama juu ya mkeka wa mwenziwe, yeye aliyelelewa kwa nyimbo za kanisani, akahisi aibu kwa Mungu kwa pande zote mbili. Aliinama. Aliweka paji la uso chini. Alinong'ona maneno aliyofundishwa na Mwanahawa usiku wa kuamkia siku hiyo, na moyoni akaomba asamehewe na yeyote anayesikiliza.

Lakini swala haikuwa ngumu kama chai. Kila alasiri, miaka yote ya ndoa yao, Semboja alikaa kwenye kizingiti akanywa chai na kugombana na mkewe kuhusu sukari. Pochi iliyangoja mazungumzo hayo. Siku yalipokosekana ilianza kuuliza maswali. Basi Kapaya alikaa kizingitini, mgongo kwenye pazia, na mwanamke aliyekaa eda, asiyetakiwa kuzungumza na mwanamume wa nje ila kwa dharura, akawa anamjibu kama mume.

"Mama Mwana, hii chai au maji ya kuoshea mchele?"

"Sukari imepanda, Baba Mwana. Kunywa au acha."

"Ukibana sukari namna hii utanirudisha kwa mama yangu."

"Nenda. Nauli sikupi."

Yalikuwa maneno yao halisi, yeye na mumewe, waliyoyasema maelfu ya mara. Ijumaa ilipofika mkanda ulilia mlio wake mdogo wa kupokea malipo, na Mwanahawa akaishi wiki nyingine.

*

Muda wa kuoga ndio pekee aliokuwa huru. Semboja alikuwa na mazoea ya kuliacha koti dirishani sebuleni akienda bafuni, na pochi ilikubali kungoja. Kapaya alijimwagia kopo moja la maji, kisha akaenda nyuma ya banda la mbuzi na simu yake mwenyewe mkononi. Yeye naye alitumia Pumzi. Wakala gani anauza asichokitumia? Alitembea pale na kurudi, mwendo wake wa Kinyamwezi wa haraka haraka, akiimba kidogo, ili pochi yake isimsahau.

Huko nyuma ya banda ndiko wanawake wale walikomfuata kuzungumza.

Bi Mwantumu alikuja mara moja tu, akasimama mbali, kanga imefunika uso. "Shemeji, jana nilicheka," alisema. "Ulivyosema kuhusu jogoo. Nilicheka kabisa, nikataka kutoka nikupe kitumbua. Nikasahau." Aliangalia chini. "Hii eda ninayokaa ni ya nani? Mume wangu simlilii, maana nazungumza naye kila alasiri. Na wewe ni mwanamume wa nje. Nitakwenda kumwambia nini Mungu?"

Kapaya aliona aibu, na zaidi ya aibu aliona hofu, kwa sababu yeye pia jana alikuwa amefurahi alipochekewa.

Mwanahawa alikuja mara nyingi, na yeye hakuficha uso. "Baba mdogo, acha," alisema. "Nakuomba. Kila asubuhi namsikia baba anakohoa uani. Moyo unaruka kabla sijakumbuka. Halafu nakumbuka. Unanizikia baba kila siku, unajua hilo?"

"Bado miezi minane. Mwaka ukipita, atakufa kwa haki yake, na mali ni yenu. Utanunua mkanda wako mwenyewe."

"Na wewe?"

"Mimi nitavua koti, nirudi kibandani."

"Jiangalie unavyosimama," alisema Mwanahawa.

Kapaya akajiangalia. Hakuwa na koti, hakuwa na fimbo, simu ya Semboja ilikuwa dirishani mbali. Mguu wake wa kushoto ulikuwa umepumzishwa mbele kidogo, uzito wote upande wa kulia.

"Ukiacha, unakufa," alimwambia yule binti. "Ni mimi niliyelivaa lile koti. Baba yako alipanga kila kitu sawasawa, nikaja na kichekesho changu. Sasa wewe unaniambia niache?"

"Nakuambia mimi sikukuomba uniishie."

Aliondoka analia. Kapaya alibaki na simu yake mkononi. Alipiga hatua. Simu ikatetemeka, ikasema kwa adabu kwamba mwendo huu haiutambui, tafadhali mwenye simu atembee kama kawaida yake.

Akajaribu tena. Alifikiri: mimi natembeaje? Hilo ndilo lililomtisha. Alijua anavyotembea diwani, alijua anavyotembea mchungaji. Alikumbuka kwamba yeye alikuwa anakwenda upesi, akaenda upesi, na mguu wa kushoto ukaja nyuma ukiburuta. Akasema jina lake, "Mimi ni Kapaya Mihambo," ila kabla ya jina kikatangulia kikohozi, mara mbili. Simu ikasema sauti hii haiitambui.

Kesho yake ikawa vilevile, na keshokutwa. Alijaribu kuimba wimbo wa kwaya aliouimba tangu utotoni, akasikia Mzigua mzee anaimba wimbo wa kanisani, tena vibaya. Siku ya tatu simu haikumjibu kabisa. Kioo chake kiliandika kwamba mwenye pochi hajaonekana, na kwamba shahidi wake ataulizwa.

*

Aliulizwa alasiri, chai ikiwa mkononi.

"Mzee Semboja," ilisema sauti laini toka kotini, "wewe ni shahidi wa Kapaya Mihambo. Pochi yake haijamwona. Je, amefariki?"

Mwanahawa, aliyekuwa anapepeta mchele uani, akaweka ungo chini.

Kanuni Kapaya alizijua, aliwasomea wateja miaka mingi. Akisema yu hai, shahidi atatakiwa amlete Kapaya mbele ya kioo, atembee na aseme. Hakukuwa na Kapaya wa kuletwa. Shahidi asiyemleta mtu anahesabiwa mwongo, na pochi ya mwongo inafungwa pamoja na ile anayoishuhudia. Akisema amefariki, hakuna kitakachofungwa. Vijisarafu vya Kapaya vitakwenda kwa mrithi wake mmoja, na namba yake, na kitambulisho chake, na leseni ya kibanda, vyote vitafutwa kama inavyofutwa ya marehemu yeyote.

Angali anafikiri, simu ya mle kotini ikaita. Ilikuwa namba ya Sikonge, ya mdogo wake Nyamizi, mrithi mwenyewe. Walikuwa wawili tu duniani, yeye na Nyamizi. Alikuwa amemficha habari yote hii tangu mwanzo, ili asije akaropoka mbele ya simu isiyostahili. Nyamizi hakuwahi kuonana na Semboja, lakini alimjua kwa simulizi za kaka yake.

Kapaya akapokea. Kikohozi kikatangulia.

"Shikamoo, baba," alisema Nyamizi. "Ni Mzee Semboja?"

"Marahaba, mwanangu. Ndiye."

"Baba, nimeletewa ujumbe na pochi ya Kapaya. Inasema haimwoni. Inasema wewe ndiye shahidi. Nimempigia wee, hapokei. Kaka yangu yuko wapi?"

Mwanahawa alikuwa amefika kizingitini. Alikuwa anatikisa kichwa, machozi yanamtoka, mkono mmoja umeshika mkanda kwenye kifungo chake, kama mtu anayesema: sema neno moja nami nitaufungua mwenyewe, yaishe. Midomo yake ilisema bila sauti, usiseme. Kapaya alimwangalia. Aliangalia ule mkanda, taa yake ndogo ya kijani, na mkono mwembamba juu yake. Akanyoosha mkono wake akauondoa ule wa binti kwenye kifungo, taratibu, akaushika.

"Pole, mwanangu," alisema kwa sauti ya Semboja. "Kaka yako hatunaye."

Nyamizi hakulia mara moja. Ilipita pumzi moja ndefu, kisha kilio kikaja, kilio cha Kinyamwezi ambacho Kapaya alikisikia mara ya mwisho walipomzika mama yao. Alitaka kusema nipo, mdogo wangu, nipo hapa kizingitini. Koti lilikuwa linasikiliza.

"Mbona hamkuniita? Mmemzika lini?"

"Joto hili, mwanangu. Maiti haingoji."

"Alikufaje?"

Kapaya akatafuta. "Taratibu," alisema. "Hakuna aliyetambua mpaka ilipokwisha."

"Watani mlikuwepo?"

"Tulikuwepo."

"Na wewe, mtani wake, ulisema nini? Alisema ukimzika yeye utamtukana mpaka Tabora wasikie."

"Nilisema," alijibu, na sauti ikataka kumkatika, ila ya Semboja haikuwa sauti ya kukatika, ikaendelea. "Nilisema mbeba mizigo wangu katua mzigo njiani. Kaniachia niubebe mwenyewe, mzee mzima na mguu mbovu."

Nyamizi alicheka ndani ya kilio, kama wanavyocheka watu msibani. Alicheka, akajipiga kifua, akapenga kamasi. Kisha akauliza kile ambacho dada yeyote wa kwao angeuliza.

"Na nguo zake nani alivaa, baba? Nani alimwiga?"

Uani mbuzi alikuwa anakwaruza banda. Mkono wa Mwanahawa ulikuwa baridi ndani ya wake.

"Hakuna, mwanangu," alisema Kapaya. "Hatukupata mtu wa kumwiga."

Nyamizi akashukuru. Alimshukuru kwa kumsitiri kaka yake, akamwombea maisha marefu, akakata simu.

"Ushahidi umepokelewa," ilisema ile sauti laini. "Poleni kwa msiba, Mzee Semboja."

Angeweza kuazima simu ya jirani kesho, wakati wa kuoga, ampigie Nyamizi amwambie kweli. Alilifikiria hilo. Kisha akafikiria atamwambia kwa sauti ipi.

Nyuma ya pazia Bi Mwantumu alianza kulia, kwa kwikwi za chini chini, na safari hii alikuwa na mtu wa kumlilia. Mwanahawa akapiga magoti kizingitini. Alifuta uso kwa ncha ya kanga, akachukua kikombe kilichopoa mkononi mwa yule mtu mwenye koti la kahawia, akakiweka kando. Alisema kwa sauti ya kutosha kusikika mfukoni.

"Pole kwa kufiwa, Baba."

Kapaya alitaka kumjibu. Alifungua mdomo, na kikohozi kikatangulia, mara mbili.